Mamangu si kiziwi, ni spika zenu

Jumapili, baada ya isha. Joto la kunata, pazia halitikisiki, na mimi nimekasirika hata chakula kimenishinda.

Naandika hapa kwa sababu nikimpigia mtu simu nitapiga kelele. Mume wangu amenisikiliza tangu niingie mlangoni, na sasa maskini amejitia kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Basi shajara, zamu yako.

Mamangu si kiziwi.

Nilitaka kuiandika peke yake hiyo, niione. Hajawahi kuwa kiziwi. Sisi wanawe, watu wazima tuliosomeshwa, ndio tuliomfanya kiziwi kwa karibu mwaka mzima, tena kwa mashine iliyonunuliwa kwa furaha na kufungwa kwa bismillahi.

Nianze mwanzo, maana nikienda hivi hata mimi sitajielewa nikiisoma kesho.

Mamangu ni Mwalimu Zuhura wa Kuze. Ukimuulizia pale mtaani hakuna atakayekuuliza Zuhura yupi. Alikuwa na chuo nyumbani, chuo cha Kurani cha wasichana, kila siku baada ya alasiri, katika chumba cha ndani. Nimesoma pale mimi, wamesoma binamu zangu, wamesoma wasichana ambao leo wanaleta mabinti zao. Asiyekiona chuo cha namna ile hawezi kujua ile ni kazi gani. Wasichana wote husoma kwa wakati mmoja, kwa sauti, kila mmoja pahali pake. Huyu yuko mbali, yule ndiyo kwanza anashikishwa herufi. Mgeni akiingia husikia kelele tupu. Mama huketi katikati na kofia anayoishona, macho kwenye sindano, na mara husema bila kuinua kichwa, "Fatma, rudi nyuma." Fatma yuko pembeni kabisa, nyuma ya mgongo wake. Na kweli Fatma ameruka.

Tulipokuwa wadogo tuliamini ana masikio kisogoni. Masikio hayo ndiyo yaliyokuwa kazi yake na heshima yake. Hakuwa na cheti wala mshahara, alikuwa na masikio.

Sasa aingie kakangu.

Swaleh ndiye mkubwa wetu. Ana duka la simu na chaja karibu na Ndia Kuu, na anaishi na Mama pamoja na mkewe, Rukia. Ni mtu mwema Swaleh. Nalisema hili nikiwa na hasira ili isionekane namsingizia. Ila akipenda kitu, nyumba nzima lazima ikipende, na mwaka jana alipenda sauti.

Dishi lilikuwapo juu ya paa miaka yote, dekoda ipo, televisheni ipo, na watu walitazama taarifa ya habari na mpira bila kulalamika. Yeye akagundua kwamba matangazo ya setilaiti yanaweza kuja na sauti za aina mbili. Kuna ile ya kawaida, ya kushoto na kulia, ambayo tumeizoea. Na kuna ile ya sinema, ambayo imegawanywa: maneno yana njia yake, muziki una njia yake, kelele za watu na mvua na magari zina njia yake, na kila njia inaishia kwenye spika yake. Spika tano na sanduku la besi. Alituhutubia juu ya jambo hili siku ya Idi, sahani ya biriani mkononi, mpaka biriani ikapoa. Mpira, alisema, utausikia kama uko uwanjani, watu wakikuimbia nyuma ya shingo.

Mashine ikaja. Spika moja ikawekwa katikati chini ya televisheni, moja kushoto, moja kulia, sanduku la besi pembeni. Zikabaki mbili za nyuma. Na hapa ndipo akili ya kakangu ilipofanya kazi.

Nyumba yetu ni kama nyumba nyingi za pale. Chumba cha mbele ni cha wanaume na wageni. Ndani ni kwa wanawake, na kati yake pana ukuta wa mawe wa zamani, mnene kama urefu wa mkono, na mlango mzito wenye pazia. Kuna televisheni mbili, dekoda moja. Waya umepitishwa juu ya mlango, wanachotazama mbele ndicho tunachotazama ndani. Zamani kila televisheni ilisema yenyewe. Ilipokuja mashine, sauti ya ndani ikawa inachelewa kidogo nyuma ya ile ya mbele, kama mtu anayemwigiza mwenzake kwa makusudi, na jambo hilo likawakera Swaleh na marafiki zake. Basi akaizima sauti ya televisheni ya ndani, kabisa.

Kisha akatazama zile spika mbili zilizobaki. Kitabu cha mashine kilisema zikae nyuma ya watazamaji. Wanaume huketi na migongo yao kwenye ule ukuta. Nyuma yao ni ukuta, na nyuma ya ukuta ni sisi.

"Nyuma ya ukuta ni nyuma vilevile," alisema. Akatoboa, akapitisha waya, akazitundika spika mbili za nyuma katika chumba cha ndani, juu ya kabati la Mama, moja huku na moja kule. Wanaume watapata za mbele, wanawake watapata za nyuma, na kila mtu ana sauti yake.

Tulimsifu! Mimi nilimsifu kwa kinywa changu. Nilisema angalau Swaleh hakutusahau ndani.

Wiki ile ile ya kwanza, Mama alisema hivi. Nakumbuka kwa sababu niliisimulia ofisini na watu wakacheka. Alisema, "Hii tivii yenu haineni. Yavuma tu."

Tukacheka. Swaleh akacheka zaidi, akasema Mama amezoea redio. Baada ya hapo ikawa kila mtu akitoka mbele akapita ndani, Mama anamuuliza. Yuwasema nini yule? Wamesema mvua yaja? Yule analilia nini? Wa kwanza alijibu kwa upole. Wa pili alijibu kwa sauti kubwa. Mwisho hakuna aliyejibu, tukawa tunatazamana na kuinua nyusi.

"Masikio ya Mama yameanza," Swaleh akaniambia.

Na mimi nikasema nini? Nikasema ni umri.

Hakuna aliyempeleka kupimwa. Nataka hili libaki hapa limeandikwa. Tuna hospitali hapa kisiwani kwetu, tuna miguu, tuna magari ya watu tunayoweza kuazima, na hakuna hata mmoja wetu aliyesema twende akatazamwe. Badala yake Swaleh alipata kifaa cha masikioni kwa mtu aliyetoka Dubai, kitu kidogo cha rangi ya ngozi, akamvisha. Kifaa kile kilikuza kila kitu. Kwa hiyo ule mvumo wa spika ukawa mvumo mkubwa zaidi, na wasichana wakisoma sauti zao zikawa zinapiga miluzi. Mama alikivumilia siku chache, akakivua, akakirudisha kwenye boksi lake. Sisi tukatikisa vichwa: wazee hawapendi vitu vipya.

Kisha Swaleh akalisema kule barazani. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anazungumza tu kama wanaume wanavyozungumza kahawa ikipita, akasema Mama siku hizi hasikii vizuri. Ukisema neno katika baraza ile, kabla hujavaa viatu limeshafika mtaa wa Kibokoni.

Laiti wazazi wa wasichana wangekuja kumuuliza! Lakini kwetu hatuulizi. Kwetu tuna adabu. Mama wa kwanza alikuja na sahani ya vitumbua, akasema binti yake masomo ya shule yamezidi. Wa pili akasema wamepata madrasa karibu na kwa shangazi yake. Mama yake Aisha, wanaokaa nyumba inayotazamana na yetu, ng'ambo ya uchochoro tu, alikuja akamshika Mama mkono, akasema kwa ulimi mtamu kabisa, "Mwalimu, umetufanyia mengi. Sasa pumzika."

Apumzike. Neno hilo sitaki kulisikia tena maisha yangu.

Aisha alikuwa amebakiza juzuu chache ahitimu. Wasichana wakaondoka mmoja mmoja, kwa heshima zote, na vitumbua. Kabla ya Ramadhani chuo kilikuwa kimekwisha. Mikeka ilikunjwa ikawekwa juu ya kabati, katikati ya zile spika mbili. Marufaa, vile vibao vya kuwekea msahafu, vilifungwa kamba vikasukumwa chini ya kitanda. Mama alirudi kwenye kofia yake. Mimi nikaona ni jambo la busara. Nikaona amekubali.

Leo Rukia alikuwa na harusi ya kwao, na Swaleh yuko dukani mpaka jioni, kwa hiyo nilikwenda kukaa na Mama. Huwa nakwenda kila wiki, sijidai kama siendi. Lakini kila nikienda naingia jikoni na Rukia, tunapiga soga, nambusu Mama mkono, narudi kwangu Ganjoni. Kukaa naye, nikatazama anachokitazama yeye, kwa muda anaotazama yeye, hilo sikuwahi tangu mashine ifungwe.

Baada ya kuswali alasiri tukaketi ndani. Dekoda ilikuwa imewashwa mbele, na ndani picha ipo. Ilikuwa ile tamthilia ya nje iliyotiwa maneno ya Kiswahili, ambayo Rukia haikosi. Mama alikuwa na kofia yake mkononi. Siku hizi hushona tu, hana wa kumsikiliza.

Nikatazama. Mwanamke mmoja anafungua mlango, mwingine amesimama nje na mtoto. Yule wa ndani anasema kitu, mdomo unakwenda, uso umekunjamana. Kutoka juu ya kabati nikasikia muziki wa vinanda na upepo. Nikadhani bado hajaanza kusema. Wa nje naye akajibu, machozi yanamtoka. Vinanda, na gari linapita mahali.

Nikasogeza kichwa. Nikajiziba sikio moja, nikalizibua. Nikasema, "Mama, wanasema nini hawa?"

Mama akanitazama. Ule mtazamo, ee Mola. Hakuwa amefurahi, alikuwa ameshtuka, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Nawe huwasikii?"

Nilisimama. Nikafungua ule mlango mzito, nikainua pazia, nikaingia chumba cha mbele.

Hapakuwa na mtu. Mito imepangwa, feni inazunguka, kikombe cha kahawa cha jana kiko kwenye meza. Na katika chumba kile kitupu, kutoka kwenye ile spika ya katikati, yule mwanamke alikuwa akisema waziwazi, Kiswahili safi, kila neno mahali pake, kwamba yeye ni mama wa mtoto na hataondoka mlangoni. Alikuwa akiiambia mito.

Nikasimama kizingitini. Sikio moja mbele, sikio moja ndani. Huku maneno, huku upepo. Nikarudi ndani, nikatoka tena, nikarudi. Kama mwendawazimu. Mama ameshika sindano hewani ananitazama.

Nikachukua rimoti ya mashine. Nina simu, najua kusoma, sikuhitaji zaidi ya hapo. Nikatafuta kitabu cha mashine mtandaoni, nikakuta kuna kitufe cha kujaribu spika. Ukikibonyeza, mashine inatoa sauti ya "shhh" kwenye spika moja moja, kwa zamu, na jina la spika linaandikwa kwenye kioo. Ya kushoto ikasema. Ya katikati ikasema. Ya kulia ikasema. Kisha, kutoka ndani, juu ya kabati, zikasema zile za nyuma. Zote nzima. Hakuna kilichoharibika. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi jinsi kilivyotengenezwa, na hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

Nikasoma. Sauti ile ya spika nyingi, maneno yake huenda kwenye ya katikati. Hiyo ndiyo kazi ya ya katikati. Za nyuma hupewa mvua, makofi, watu wa uwanjani, mwangwi. Na kituo kikirusha sauti ya kawaida ya kushoto na kulia, mashine ikiwa katika ile hali ya sinema, inajipa kazi yenyewe: inachambua maneno, inayabakiza mbele, na kupeleka nyuma mabaki. Kwa hiyo haijalishi kama ni mpira, au taarifa ya habari, au swala ya moja kwa moja kutoka Makka. Ndani tulikuwa tunapewa mabaki.

Swala ya Makka! Ramadhani nzima mamangu alikaa mbele ya televisheni ile akitazama tarawehe, imamu anasoma, na yeye, Mwalimu Zuhura, anasikia mvumo wa msikiti. Alikuwa anafuata kwa midomo, nilimwona nikipita, nikasema masha Allah, Mama anajua Kurani kwa moyo. Alikuwa anaisoma mwenyewe ili ajue imamu amefika wapi.

Kuna hali nyingine kwenye mashine, inapeleka sauti ileile kwenye spika zote. Kitufe kimoja. Nilikibonyeza.

Nikamsikia Mama kabla sijafika ndani. Alikuwa anacheka. Nilipoinua pazia nikakuta ameweka kofia chini, mikono miwili mashavuni.

"Kumbe ni mwanawe!" alisema. "Sauda, mimi nalidhani huyu ni mke mwenziwe. Siku zote hizi namchukia buree."

Alikuwa ameitunga hadithi nzima mwenyewe, kwa nyuso tu. Ameozesha watu, ameachanisha watu, yule daktari alimfanya mwizi. Akanisimulia yote na mimi nikacheka mpaka nikalia, kisha nikawa nalia tu. Mama akanipa ncha ya leso yake nijipanguse. Hakuniuliza nalilia nini.

Swaleh alirudi jua limeshalegea. Nilimngoja pale pale chumba cha mbele, rimoti mkononi, jambo ambalo si kawaida yangu. Nikamwonyesha. Nikabonyeza hivi, nikabonyeza vile, nikamwambia aingie ndani asikilize, atoke, aingie. Alielewa mara moja. Si mjinga.

Na alipoelewa, unajua alisema nini? Alisema, "We Sauda, hizo za nyuma si za maneno! Hizo ni za mazingira."

Mazingira! Nilimuuliza nani alimwambia kwamba Mama ameomba mazingira. Akasema ndivyo sauti ile inavyotakiwa kuwa, kitaalamu. Akasema sasa mpira utakuwa hauna ladha, kelele zote zitatoka spika zote. Kisha akaona uso wangu, akacheka kidogo, akanyoosha mikono.

"Basi, si umeshatengeneza? Limekwisha."

Halijaisha. Nilimwambia halijaisha mpaka apite nyumba kwa nyumba. Zile nyumba zote zilizowatoa mabinti zao chuoni. Kisha apite barazani, pale pale aliposema, mbele ya wale wale, aseme kwamba Mama anasikia, na aliyekosea ni yeye. Uso ukambadilika. Akasema niteremshe sauti. Akasema ninataka watu wamcheke, mtu mwenye duka, aonekane hawezi hata kufunga spika. Akasema, "Aibu gani hiyo waniletea?"

Kutoka ndani, mlango ukiwa wazi na pazia limeshuka, Mama akajibu. Hakupaza sauti.

"Mimi walinicheka mwaka mzima, Swaleh. Nami sikufa."

Swaleh akakaa. Hivyo tu, akakaa kwenye mito, akaangalia vidole vyake vya miguu.

Rukia naye akaingia wakati huo huo, hina mkononi, boksi la vitafunio vya harusi kifuani, akatukuta vile. Nilipomweleza alisema neno ambalo bado linanizunguka. Alisema, "Mimi nami sisikii maneno huko ndani. Nilidhani ndivyo zilivyo hizi mashine mpya." Mwaka mzima! Anatazama tamthilia yake kwa kutazama midomo, na marudio anayasikiliza kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akamtazama mumewe, akanitazama, akasema angeambiwa hajui mitambo.

Basi wanawake wawili waliketi chumba kimoja hawasikii kitu. Mzee akasema hasikii, tukasema ni kiziwi. Kijana akanyamaza, tukasema yeye ana masikio. Nimekasirika na Swaleh, nimekasirika na mama yake Aisha na ulimi wake mtamu. Na mimi niliyeisimulia kama kichekesho sijiachi nje. Lakini linaloniuma kuliko yote ni hili: kakangu alileta mashine ya kusikilizisha watu sauti za pande zote, akaileta katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na mtu anayesikia pande zote, na kwa mashine hiyo akamnyamazisha.

Nilidhani hasira yangu imefika mwisho hapo. Kumbe bado.

Karibu na magharibi nilikuwa navaa buibui nijiandae kuondoka. Televisheni ilikuwa imezimwa. Mama amesimama karibu na dirisha la uchochoroni, mbao zake zimefungwa, kichwa amekiinamisha kidogo.

"Wamsikia?" akaniuliza.

Nikasikiliza. Pikipiki mbali, mtu anafunga duka. Kisha, ng'ambo, nyuma ya dirisha jingine lililofungwa, sauti ndogo ya msichana anasoma Kurani. Mimi sikuweza hata kujua ni sura gani.

"Ni Aisha," Mama akasema. "Yuwaruka aya. Kila siku yuwaruka papo hapo, tangu aende huko kwengine. Hawamsikizi." Akagusa sikio lake. "Nami nikidhani ni mashikio yangu ndiyo yarukayo."

Nilikaa kitandani. 

Kila jioni, miezi yote hiyo. Amesimama pale dirishani, anamsikia mwanafunzi wake anakosea, anasikia sawasawa kabisa, kupitia madirisha mawili na uchochoro. Na kwa sababu tulimwambia masikio yake yameharibika, akaamini kosa ni lake. Aya ilikuwa inaanguka mbele yake kila siku, na yeye haiokoti.

Nilitaka kusema kitu. Mama hakunipa nafasi. Alisukuma mbao za dirisha, zikalia kwa kutu, akaweka mikono kizingitini.

"Aisha! Rudi nyuma."

Ng'ambo sauti ikakatika. Nikasikia mtu akisimamisha mkokoteni uchochoroni. Kisha dirisha la pili likafunguka, kidogo tu, upana wa uso.

"Naam, Mwalimu."

Akarudi nyuma. Akasoma, na mara hii hakuruka. Mama alimsikiliza mpaka mwadhini alipoanza, kisha akageuka, akaniambia nimpandie juu ya kabati nimteremshie mikeka kabla sijaenda zangu. Nilipanda. Nilipokuwa juu nilizing'oa na zile spika mbili, waya na misumari yake, nikampelekea Swaleh mapajani. 

Ameahidi ataanza kesho baada ya alasiri, na nyumba ya kwanza ni ya kina Aisha. Ahadi yake naijua mimi, itakuwa laini kama ulimi wa jirani zetu, atasema Mama amepata nafuu, alhamdulillahi, na hapo ndipo itakapoishia. Mamangu hakupata nafuu, hakuwa mgonjwa.

Kwa hiyo kesho nitaomba ruhusa kazini nitoke mapema, nimfuate mlango kwa mlango. Nitasimama nyuma yake, nyuma ya kweli, si ya ukuta. Na akiruka neno, nitamwambia arudi.